Mkate wa Viazi na Jembe la Siku ya Tatu

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeusikia msemo huu tangu utoto, na karibu kila mara tumeusikia ukitumiwa kama mjeledi. Alitupiwa mjomba aliyekuja kusalimia akakaa miezi mitatu. Alitupiwa binamu aliyelala mpaka saa nne asubuhi huku wenzake wako shambani. Kwa hiyo tulikua tukiamini kwamba jembe ni adhabu, na kwamba mwenye heri ni mgeni wa zile siku mbili za kwanza, anayepewa kiti kizuri na kuchinjiwa kuku.

Katika insha hii tunataka kuutazama upya msemo huo, na kitu kilichotufanya tuutazame upya ni mkate wa viazi ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona kabla ya kufika Marekani. Swali letu ni moja: mgeni hukoma lini kuwa mgeni? Zamani tungejibu kwamba hukoma akikaa miaka mingi, au akipata hati za uraia, au akishaijua lugha ya wenyeji. Leo hatujibu hivyo tena, na tungependa kueleza kwa nini.

Nyumba ya watu

Sisi ni usharika mdogo wa watu wanaoabudu kwa Kiswahili katika jimbo la Minnesota. Wengine tumetoka Tanzania, wengine Kenya, wengine Kongo na Burundi, na baadhi yetu tulipitia kambi za wakimbizi kabla ya kuijua theluji. Kila Jumapili saa nane mchana tunaingia katika jengo la kanisa la Kilutheri lililojengwa na wahamiaji kutoka Norwei. Asubuhi wenyeji huabudu kwa Kiingereza, mchana ni zamu yetu. Majina yaliyoandikwa chini ya madirisha ya vioo vya rangi ni ya Kinorwei, na watoto wetu hushindana kuyatamka.

Wenyeji walitupokea kwa upendo. Walitupa ufunguo, wakatupa kabati la kuwekea vitabu vya nyimbo, wakatuachia birika la kahawa. Tulipotaka kufagia ukumbi baada ya ibada walitukataza, wakisema, “Ninyi ni wageni wetu.” Mwaka wa kwanza maneno hayo yalitupendeza, na mwaka wa pili pia. Kufikia mwaka wa tano yalianza kutuchoma, ingawa hatukujua kueleza kwa nini. Labda ni kwa sababu anayekuita mgeni kwa miaka mitano anakukumbusha kila mara, bila kukusudia, kwamba nyumba si yako.

Kila mwezi wa Novemba ghorofa ya chini ya kanisa lile hunukia viazi na siagi. Wenyeji hukusanyika kupika lefse, mkate mwembamba wa viazi ambao Wanorwei waliohamia Marekani hawawezi kusherehekea Krismasi bila huo. Huupika kwa mamia, huufunga kwa mafungu na kuuza, na mapato husaidia kulipia gharama za kanisa na kuwasaidia wahitaji. Tulikuwa tukipita na kuchungulia tu. Mwaka mmoja wapishi waliobaki na nguvu za kusimama siku nzima walikuwa saba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa chini ya miaka sabini. Mchungaji wao alikuja kwetu baada ya ibada, kofia mkononi, akauliza kama tungeweza kuwasaidia.

Mbele yake tulijibu kwamba bila shaka tutakuja. Tuliyoyasema baadaye kwenye maegesho ya magari, huku tukipuliza mikono kwa baridi, yalikuwa mengine. Mmoja wetu alisema, “Kumbe hatukuwa wageni. Tulikuwa wapangaji, na sasa kodi inadaiwa.” Mwingine akaongeza kwamba wiki nzima anafanya kazi za mikono za watu wengine, anasafisha, anabeba, anawageuza wagonjwa vitandani, na Jumamosi ndiyo siku pekee ya kulala. Hatukumkemea. Alikuwa amesema kweli ya maisha yetu.

Mgeni aliyetoka mbali

Kabla hatujaendelea ni vema kuujua mkate wenyewe, kwa maana historia yake ni ya wageni watupu.

Kwa Kiswahili kiazi mviringo kina jina jingine, kiazi ulaya. Jina hilo linaonyesha njia kilikopitia kuja kwetu, lakini asili yake haiko Ulaya. Kiazi ni mtoto wa milima ya Andes, katika nchi tunazoziita leo Peru na Bolivia, ambako watu walikilima kwa maelfu ya miaka kabla ya mzungu yeyote kukiona. Kilivuka bahari kwenda Ulaya katika karne ya 16, na huko Norwei kilichelewa sana kufika. Kilianza kulimwa katikati ya karne ya 18. Wakulima walikitilia shaka. Walikuwa na shayiri na uji wao, na mmea huu wa kigeni hawakuuelewa.

Waliokitetea walikuwa, pamoja na wengine, wachungaji. Historia ya Norwei inawaita makasisi wa viazi. Kasisi wa kijijini alikuwa na shamba lake, na aliyajua mambo ya nchi nyingine kupitia vitabu. Mmoja wao, Peder Harboe Hertzberg, kasisi wa Finnås katika pwani ya magharibi, aliandika kijitabu cha kuwafundisha wakulima jinsi ya kupanda na kutumia viazi. Tunapenda kumwaza mchungaji huyo akitoka madhabahuni na kuinama mtaroni, viatu vimejaa udongo, akiwaonyesha waumini wake kwamba chakula cha watu wa mbali kinaweza kumea kwao.

Kisha njaa ilikuja. Norwei ni nchi ya mawe na milima, na sehemu inayolimika ni ndogo mno, karibu asilimia 3 tu ya ardhi yote. Nafaka ililetwa kutoka Denmark kwa meli. Wakati wa vita vya Napoleon, kuanzia 1807 hadi 1814, meli za kivita za Uingereza zilizifunga bahari, na nafaka haikufika. Watu walichanganya magamba ya miti na unga ili mkate utoshe. Katika miaka hiyo kiazi kiliacha kuwa kitu cha kushangaza na kikawa chakula cha kuokoa roho. Mikate myembamba ilikuwepo tangu zamani, ikipikwa kwa unga mtupu na kuhifadhiwa ghalani kwa miezi mingi, lakini viazi vilipozidi kuenea viliingia katika mkate huo pia. Unga haba ulirefushwa kwa kiazi. Kwa hiyo lefse ya viazi, ambayo leo huliwa kama kitu cha sikukuu, ilizaliwa katika uhaba.

Mwaka 1825 meli ndogo iitwayo Restauration iliondoka Stavanger ikiwa na watu 52, baadhi yao wakitafuta uhuru wa kumwabudu Mungu kama dhamiri zao zilivyowaongoza. Ilifika New York mwezi wa Oktoba ikiwa na watu 53, kwa sababu mtoto alizaliwa baharini. Katika miaka mia moja iliyofuata, zaidi ya Wanorwei 800,000 waliwafuata. Wengi waliishia Minnesota na majimbo ya jirani. Walifika na masanduku ya mbao, na lugha ambayo majirani waliicheka. Kwa kifupi, walikuwa kama sisi.

Siku tuliyopewa fimbo

Ijumaa jioni tulikwenda watu tisa. Tulimenya viazi, vile vikavu vyenye wanga mwingi, kwa sababu kiazi chenye maji kinadai unga mwingi, na unga mwingi huufanya mkate kuwa mgumu. Vilichemshwa, vikachujwa maji hadi tone la mwisho, kisha vikakamuliwa vikiwa vya moto katika chombo cha chuma chenye vitundu, vikatoka kama tambi. Hapo ndipo siagi, krimu, chumvi na sukari kidogo viliingia. Viliachwa wazi vitoe mvuke, na vikalala usiku mzima kwenye baridi. Unga wa ngano haukutiwa. Tulishangaa, lakini tulikaa kimya.

Jumamosi asubuhi tulirudi tukiwa na majivuno kidogo. Akina mama wa kwetu wamesukuma chapati tangu wakiwa na miaka minane, na walisema njiani kwamba mkate mwembamba hauwezi kuwashinda. Bibi mmoja wa wenyeji, mrefu, mikono yake ikitetemeka kidogo, alituonyesha mara moja: unga unatiwa viazi vikiwa baridi, kidogo kidogo, na kwa madonge machache tu ya kupikwa wakati ule. Donge linawekwa juu ya ubao wa mviringo uliofunikwa kitambaa, linasukumwa kwa kifimbo chenye mifereji mpaka linakuwa pana kama sinia na jembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono upande wa pili. Kisha huja fimbo ndefu ya mbao, bapa kama rula. Inapenyezwa chini ya mkate, inaunyanyua katikati kama nguo kwenye kamba, na kuufunua juu ya kikaango kikavu chenye moto wa nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Dakika moja, madoa ya kahawia yanatokea, unageuza. Ukitoka unafunikwa kwa vitambaa pamoja na wenzake, ili mvuke uulainishe.

Ustadi wetu ndio uliotuponza. Mikono yetu ilizoea kukanda kwa nguvu, na chapati hupenda hivyo. Viazi havipendi. Kadiri tulivyokanda, donge lilizidi kulegea na kunata. Tukaongeza unga, likanata tena. Mmoja wetu, kwa mazoea, alimimina mafuta kwenye kikaango, na moshi ukajaa ukumbi mpaka kengele ya moto ikalia. Mikate yetu ya kwanza ilichanika juu ya fimbo na kuanguka kama matambara. Tuliona aibu. Tulitazamia Bibi yule aseme kwa upole, kama wenyeji walivyozoea, “Basi, ninyi ni wageni, kaeni mpumzike.”

Hakusema hivyo. Alichukua donge letu lililoharibika, akaliweka kando, akampa mama mmoja wetu fimbo yake mwenyewe. Ilikuwa ya marehemu mama yake, imekuwa nyeusi mahali pa kushika. Kisha akavuta kiti na kukaa. Wenzake walimtazama kwa mshangao, na baadaye mmoja alitunong'oneza kwamba tangu amjue hajawahi kumwona akikaa siku ya lefse. Kutoka kitini aliendelea kutuelekeza: polepole, usiikandamize, anza katikati uende nje. Kufikia saa sita mchana mikate yetu ilikuwa inatoka mizima. Haikuwa ya duara kamili. Mmoja ulifanana na ramani ya Afrika, watoto wakaushangilia.

Ndipo msemo wa wazee ulipogeuka ndani yetu. Miaka mitano tulipewa kahawa, na tukabaki wageni. Siku tulipopewa fimbo na kuunguza vidole, tuliingia nyumbani.

Jembe au nira?

Hata hivyo hatutaki kuiacha haraka hoja ya ndugu yetu wa kwenye maegesho. Si kila chombo cha kazi anachopewa mgeni ni heshima. Waisraeli walikwenda Misri kama wageni wa Yusufu, wakapewa ardhi nzuri, na baadaye wakajikuta wakifyatua matofali chini ya viboko. Nao pia walikuwa wamepewa kazi. Watu wengi katika usharika wetu wanajua maana ya kuhitajiwa kwa ajili ya mikono yao tu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba kazi ni baraka, ana haki ya kukuuliza ni baraka ya nani.

Tulikaa tukaijadili jambo hili wiki nyingi, na tukaona kwamba jembe na nira vinaweza kufanana kwa mbali. Vyote viwili ni vya mbao na vyote viwili hutoa jasho. Tofauti yake huonekana ukiuliza maswali matatu. La kwanza, je, ninaweza kukataa na bado nikapendwa? La pili, je, mavuno nitayala mimi pia? La tatu, je, nina sauti juu ya kitakachopandwa msimu ujao? Ambaye jibu lake ni hapana kwa yote matatu amefungwa nira, hata kama amefungwa kwa tabasamu.

Kitabu cha Ruthu kinatusaidia hapa. Ruthu Mmoabu alifika Bethlehemu akiwa hana kitu, akaokota masazo nyuma ya wavunaji. Kama Boazi angemwacha hapo, angekuwa ombaomba mwenye bidii na hakuna zaidi. Lakini Boazi aliwakataza vijana wake wasimguse, na wakati wa chakula alimketisha pamoja na wavunaji, akampa bisi, akala akashiba. Kazi na meza vilikwenda pamoja. Na hadithi haikuishia hapo: mgeni yule aliingia katika ukoo, akawa bibi mzaa babu wa Mfalme Daudi, na Mathayo analiandika jina lake katika ukoo wa Bwana wetu.

Kwa hiyo tulikwenda kwa wenyeji na kuwaambia ukweli. Haikuwa rahisi, kwa maana desturi yetu ni kumstahi aliyetupokea, na kuna waliosema kwamba mgeni hahesabu vijiko vya mwenyeji. Tuliwaambia kwamba tuko tayari kupika kila mwaka, lakini tungependa kujua mapato yanakwenda wapi na kuwa na watu wetu katika kamati inayoamua. Palikuwa na kimya. Mzee mmoja wa kanisa alionekana kuudhika. Kisha Bibi yule wa fimbo akasema kwamba amesubiri miaka mingi mtu ajali vya kutosha kuuliza swali hilo. Watu wetu wawili waliingia kwenye kamati. Tunakiri kwamba bado kuna mambo hatukubaliani, na vikao vingine ni vya moto. Lakini hakuna anayegombana na mgeni. Watu hugombana na ndugu zao.

Tulichokuwa tunawanyima

Jambo lililotugusa zaidi lilitokea Pasaka iliyofuata. Kwa desturi yetu, baada ya ibada ya Pasaka tunapika pilau, kuku, kachumbari na chapati, na tunawaalika wenyeji. Kila mwaka tuliwaketisha meza ya mbele yenye kitambaa cheupe. Tuliwapelekea sahani zilizojaa na soda zilizofunguliwa. Walipoinuka kusaidia kuosha vyombo, tuliwazuia kwa mikono miwili: “Hapana, hapana, ninyi ni wageni wetu.”

Mwaka ule tuliyasikia maneno hayo yakitoka vinywani mwetu, na baadhi yetu tukatazamana. Yalikuwa yale yale. Kumbe miaka yote tulipokuwa tukilalamika kwamba hatupewi jembe, sisi nasi tulikuwa tunawanyima wenzetu la kwetu. Tulidhani tunawaheshimu. Pengine kweli tulikuwa tunawaheshimu, lakini heshima ile ilikuwa pia ukuta. Kumpa mtu daima bila kupokea kwake ni namna ya kubaki juu yake. Anayelishwa kila siku hujifunza kushukuru, lakini hana namna ya kupenda kwa matendo.

Basi tukawaita jikoni. Mama mmoja alimpa mwalimu mstaafu kisu na kikapu cha vitunguu, akamwambia akate vyembamba. Alilia machozi ya vitunguu nusu saa. Mzee yule aliyeudhika kwenye kikao alipewa mwiko wa kukorogea sufuria kubwa, na akausimamia kama askari. Wakati wa kuosha vyombo hapakuwa na meza ya mbele tena, palikuwa na foleni moja ya watu wenye mikono ya sabuni.

Wapo kati yetu wanaotoka Iringa, na wanajua kwamba uhusiano wa dayosisi yao na Walutheri wa eneo la St. Paul hapa Minnesota unaitwa Bega kwa Bega. Jina hilo tumelisikia mara nyingi katika hotuba. Siku ile tulilielewa jikoni, mahali pembamba ambapo huwezi kupita bila bega lako kugusa la mwenzako.

Kitakachobaki

Lipo jambo moja linalotuumiza usiku, na lefse ilituweka mbele yake. Wahamiaji wa Norwei walileta lugha yao, na kwa vizazi viwili waliabudu kwayo. Kanisa la Kilutheri la Kinorwei la Marekani liliundwa mwaka 1917. Kufikia 1946 lilikuwa limeliondoa neno “Kinorwei” katika jina lake, kwa maana watoto walikuwa wamehamia kwenye Kiingereza. Wenyeji wetu hawawezi kuzungumza Kinorwei. Wamebaki na sala fupi ya mezani wanayoijua kwa moyo, majina ya vyakula vichache, na lefse.

Tunawatazama watoto wetu. Wanatuelewa tukisema Kiswahili, na wanatujibu kwa Kiingereza. Je, baada ya miaka sitini wajukuu wetu watakuwa na chapati tu? Watakusanyika mara moja kwa mwaka, wasukume unga, waseme “bibi alipika hivi,” na wasijue bibi aliomba kwa maneno gani?

Hatuna jibu la kututuliza kabisa. Lakini tulimuuliza Bibi yule kama anahuzunika kwa lugha iliyopotea. Alisema ndiyo, anahuzunika. Kisha akasema kwamba mama yake hakumfundisha Kinorwei kwa sababu aliona aibu, ila hakuona aibu kumfundisha lefse, na wakati wa kusukuma ndipo alipokuwa akimsimulia habari za njaa, na za bahari, na jinsi Mungu alivyowavusha. Mkate ulibeba ushuhuda ambao lugha haikuruhusiwa kuubeba.

Kwa hiyo tumejifunza kutoudharau mkate, na tumejifunza pia kutouachia mzigo wote. Kumbukumbu la Torati linawaonya watu wa Mungu kwamba wakishaingia katika nchi njema, wakala wakashiba na kujenga nyumba nzuri, wataijia hatari ya kusahau jangwa. Chakula cha uhaba kilichogeuka kuwa cha sikukuu kinaweza kutusahaulisha au kutukumbusha, kutegemea kama kuna anayesimulia. Mkate ukipikwa kimya ni kitoweo tu. Basi tumeweka kanuni katika nyumba zetu: tunaposukuma, iwe chapati au lefse, tunasimulia, na tunasimulia kwa Kiswahili. Mtoto asiyeelewa neno atauliza, na mikono yake ikiwa na unga hawezi kushika simu.

Mezani pa Emau

Tunamalizia kwa habari iliyo katika Luka sura ya 24. Wanafunzi wawili walimsihi msafiri wasiyemjua akae nao kwa kuwa jua lilikuwa limetua. Alikuwa mgeni wao, nyumba ilikuwa yao, na mkate ulikuwa wao. Lakini walipoketi mezani, mgeni ndiye aliyetwaa mkate, akabariki, akaumega, akawapa. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemwambia, “Wewe ni mgeni, tulia.” Na wakati ule ule ambapo mkate ulipita katika mikono ya mgeni, macho yao yakafumbuliwa.

Tumejiuliza nini kingetokea kama wangekuwa wakarimu kwa namna yetu ya zamani. Kama wangemketisha meza ya mbele, wakammegea wao, wakamjazia sahani na kumzuia kunyanyua mkono. Huenda angekula, akashukuru, akaenda zake, nao wangelala bila kujua ni nani aliyekuwa nyumbani mwao.

Mwezi wa Desemba uliopita familia nne kati yetu tulikutana katika nyumba moja kupika lefse wenyewe. Hatukuwa na kikaango kikubwa cha umeme, tulitumia cha chapati, na mikate yetu ilikuwa midogo. Tulipaka siagi na sukari kama tulivyofundishwa, tukakunja, tukanywa na chai ya tangawizi. Bibi alikuja, akala miwili. Alipotaka kuinuka kwenda jikoni, mtoto wa miaka sita alimwahi kwa kifimbo na kumwambia kwa Kiswahili, “Bibi, zamu yako.” Hakuna aliyehitaji kumtafsiria.

Ndugu msomaji, katika usharika wako yuko mtu anayeketi kiti cha nyuma, anasalimiwa vizuri kila Jumapili, na hajawahi kuombwa chochote. Labda ni mjane aliyehamia karibuni, labda ni kijana aliyetoka jela, labda ni mkimbizi ambaye lugha yake hamuijui. Mmempa chai, na mmefanya vema. Siku ya tatu imefika. Mpeni jembe, na mumpishe apite shambani. Na kama wewe ndiye uliyeketi nyuma, na mtu akakuletea jembe, liangalie vizuri kama si nira. Ukiona ni jembe kweli, lipokee kwa mikono miwili.